Bei Moja kwa Kahawa Zote: Je, Ni Haki?

Je, ni haki mtu aliyechuma kahawa yake kwa uangalifu alipwe sawasawa na yule aliyekamua tawi zima, mbivu na mbichi pamoja? Swali hili si la wakulima wa Kilimanjaro peke yao. Lawahusu pia wale wa Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako kahawa hulimwa, ingawa si kwa wingi.

Kazi yenyewe yajulikana. Tunda lichumwe likiwa jekundu, limenywe siku ile ile, punje zivundikwe hata utelezi utoke, zioshwe kwa maji safi, kisha zianikwe juu ya vichanja, si chini. Tunda likilala ndani ya gunia huchacha, na ladha ikiisha kuharibika hakuna kiwanda kiwezacho kuirudisha. Tena punje chache zilizooza huharibu nyingi. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Miaka ya 1990, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, wengi walinunua kahawa kwa bei moja, njema na mbaya. Hapo mwangalifu alifundishwa kwamba juhudi yake ni hasara. Bei ya namna hiyo ina sura ya usawa, lakini si haki. Maana haki ni kumpa kila mtu limpasalo.

Hata hivyo tusiharakishe kumhukumu achumaye mbichi. Mara nyingi si mvivu: mtoto adaiwa sare na madaftari, na tumbo halingoji tunda liive. Kumhubiri mtu huyo habari za ubora pasipo kumpa nyenzo ni kumtwika mzigo tusioubeba sisi.

Njia ipo. Mapema miaka ya 2000, vikundi vya wakulima vilivyoungana katika Kilicafe, huko Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga, vilijenga mitambo ya pamoja ya kumenyea kahawa, vikauza kwa bei bora.

Basi, ndugu wa vyama vya ushirika, mtambo mmoja utumiwe na wote. Matunda mabichi yatengwe mbele ya mwenyewe, na mizani isomwe wazi. Malipo ya kwanza yatolewe siku ile ile, njaa isije ikachuma kabla ya wakati. Na nyongeza ipatikanayo mnadani imrudie aliyeitolea jasho. Mkulima akinyimwa nyongeza hiyo, msimu ujao atakamua tawi zima, nasi hatutakuwa na neno la kumwambia.