Kisu cha Mzamiaji na Mipaka ya Tawakali

Kisu anachobeba mzamiaji wa pumzi kinagusa swali la zamani katika dini: je, mtu anayejihami kabla ya kuingia hatarini amepungukiwa na imani kwa Mungu? Wapo wanaoona kwamba ajali ikishaandikwa, kipande cha chuma hakiwezi kuifuta. Wanazuoni wa Kiislamu huwajibu kwa hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume Muhammad kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, yaani kumtegemea Mungu. Aliagizwa amfunge, kisha atawakali.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliingia suala hili kwa kina katika Ihya Ulum al-Din. Alizigawa sababu, yaani njia anazotumia mtu kupata manufaa au kujikinga na madhara, katika madaraja matatu: za yakini, za dhana yenye nguvu, na za kuwazia tu. Mwenye njaa anayekaa mbele ya chakula akangoja kiingie kinywani chenyewe ameacha sababu ya yakini, na huo ni upungufu wa akili. Kufunga mlango au kumfunga ngamia hakuharibu tawakali. Sababu za kuwazia ndizo anazotakiwa kuziacha mwenye kutawakali.

Mizani hiyo inakipima kisu vizuri. Mzamiaji wa pumzi anayewinda samaki kwa mkuki hana mtungi wa hewa. Akinaswa, muda alio nao ni ule wa pumzi aliyoshuka nayo. Mshipi wa nailoni hauonekani kwa urahisi majini na haukatiki kwa kuvutwa na mkono. Nyavu zilizopotea hubaki zimekwama kwenye miamba. Hata kamba ya mkuki wake mwenyewe humzonga mguuni samaki mkubwa anapozunguka jiwe. Katika hali hizo kisu hukaribia daraja la yakini, ila kwa masharti.

Sharti la kwanza ni makali. Makali laini hukata mshipi wa nailoni, na ya meno hukata kamba nene. Visu vingi vya kazi hii vina yote mawili kwenye bapa fupi. Chuma cha pua kigumu hushika makali, lakini hupata kutu kisiposuuzwa kwa maji baridi kila baada ya kazi. Titani haishiki kutu, ila makali yake huisha upesi zaidi. Sharti la pili ni ala: ishike kisu katika msukosuko, na ikiachie kwa mvuto mmoja. La tatu ni mahali pa kukivaa. Kikiwa upande wa nje wa mguu, chenyewe hunasa nyuzi. Kikiwa kwenye mkanda wa uzito wa risasi, huenda na mkanda ukitupwa. Popote kilipo, mkono wowote ukifikie bila msaada wa macho, kwa kuwa mkono mmoja unaweza kuwa ndio ulionaswa.

Kisu kilichovaliwa kwa sura, butu, kwenye ala isiyowahi kujaribiwa, kimeshuka hadi daraja la tatu. Humtuliza mvaaji bila kumfaa, na hapo hakina tofauti na hirizi.

Ncha ya kisu ina wajibu mwingine. Samaki hahitaji kuchinjwa ili awe halali, lakini hadithi iliyopokewa na Muslim inaamuru wema katika kuua, makali yanolewe na mnyama apumzishwe. Ncha ikimpenya ubongoni, juu kidogo nyuma ya jicho, mateso yake huisha mara moja, na mapigo yanayovuta papa hukoma.

Lipo pia jambo ambalo kisu hakiwezi. Katika mita 10 za mwisho za kupanda, mgandamizo hushuka kutoka angahewa 2 hadi 1, na nguvu ya oksijeni mapafuni hushuka nao. Mzamiaji aliyekaa chini mno huweza kuzimia bila dalili, kisu kikiwa salama alani. Sababu inayohitajika hapo ni mwenzake aliyebaki juu akimtazama, tayari kumwinua uso nje ya maji. Kumwacha mwenzake ufukweni kwa kisingizio cha imani ni kosa lilelile la kumwacha ngamia bila kamba.

Makali yakishanolewa, ala ikishajaribiwa na mwenzake akiwa mahali pake, yaliyobaki hayamo tena katika uwezo wa mzamiaji. Hayo ndiyo anayotakiwa kumwachia Mungu.