Kabla Kayaki Haijapinduka

Desemba 8, 2015, Douglas Tompkins, mwanzilishi wa The North Face, alikufa kwa baridi baada ya kayaki yake kupinduka katika Ziwa General Carrera, kusini mwa Chile. Alikuwa na miaka 72. Magazeti yalieleza utajiri wake na ardhi kubwa aliyoinunua ili ihifadhiwe. Wapiga kafi waliyasoma yote hayo, kisha wakauliza: usukani ulikuwaje?

Swali hilo laweza kumchoma mfiwa. Kwetu msibani husemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na kauli hiyo humfaa mjane kuliko maelezo ya upepo. Ila matanga yakishaanuliwa, tunabaki na nini? Rick Ridgeway, rafiki wa marehemu aliyekuwa naye katika kayaki hiyo ya watu wawili, alinusurika, wala hakuuficha usukani: ulikuwa na hitilafu, upepo ukawapiga, mawimbi yakawapindua, wakajaribu kukiinua chombo wakashindwa.

Anayesoma habari hizi hatafuti wa kumlaumu. Anajitafuta. Naye amewahi kusimama ufukweni asubuhi, kanyagio la usukani likilegalega chini ya mguu, wenzake wameshatangulia, maji yametulia kama mafuta, akasema, “Twende tu, litajiseti.” Gordon Giesbrecht, profesa wa Kanada, hufundisha kwamba katika maji ya baridi kali una dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za viungo kukutii, na saa 1 hivi kabla ya kuzimia. Ni hesabu ya kukariri, lakini huanza mtu akiwa ameshatumbukia. Ile “twende tu” haimo.

Ndiyo maana ripoti isemayo “hali ya hewa ilichafuka ghafla” humwacha mpiga kafi na njaa yake. Ghafla kwa nani? Nani aliliona wingu akanyamaza, akiogopa kuitwa mwoga? Kuandika “niliona, nikanyamaza” ni kazi nzito, na sina hakika tuna haki ya kumdai aliyenusurika kiasi hicho.

Masimulizi ya siku ile yana jambo jingine pia. Kijana mmoja wa msafara alimfikia Tompkins katika maji ya nyuzi 4 hivi, akamshikilia kandokando ya kayaki yake, mawimbi yakiwapiga wote wawili, mpaka helikopta ikafika.