Mauti Sufuriani

Soma 2 Wafalme 4:38–41. Mtu aliyekwenda kondeni alikosea wapi? Kwa nini nia yake njema haikutosha kuwalinda wenzake?

Kulikuwa na njaa huko Gilgali. Elisha aliagiza wana wa manabii wapikiwe chakula, na mmoja wao akatoka kutafuta mboga. Alikuta mtango-mwitu, akachuma matunda yake hata nguo yake ikajaa, akarudi na kuyakatakata sufuriani. Biblia haimshtaki kwa uovu wowote, kwa maana alitaka kuwalisha ndugu zake. Inasema tu kwamba matunda yale hayakujulikana. Walipoanza kula ndipo walipotambua kwamba sufuria ile ilikuwa na mauti.

Jambo kama hili hutokea hata leo. Mgonjwa akiisha kuombewa, huja mtu akamvuta kando na kumtajia jina la mti: mizizi ya kuchemsha, majani ya kutwanga, unga wa kijiko kimoja asubuhi na jioni. Mara nyingi ushauri huo hutolewa kwa upendo. Na ni kweli kwamba Mungu ameweka uponyaji katika mimea. Ezekieli 47:12 inataja majani yaliyo dawa. Isaya naye aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la Hezekia, ingawa ahadi ya kupona ilikuwa imekwisha kutolewa (2 Wafalme 20:5–7). Swali ni hili: je, anayempa mwenzake dawa anadaiwa nini? Na je, kutaka dawa hiyo ipimwe ni kukosa imani?

Fikiria dawa mseto ya malaria inayotolewa katika zahanati za Afrika Mashariki. Mojawapo ya dawa mbili zilizomo ilitokana na mmea wa artemisia, uliotumiwa na wazee wa China kutibu homa kwa karne nyingi. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walikusanya maelezo ya tiba za kale zaidi ya 2,000. Dawa waliyoipata katika mmea huo mara ilifanya kazi, mara ikashindwa. Kisha Tu Youyou akasoma tena kitabu cha mganga Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akaona kwamba majani yaliagizwa kulowekwa na kukamuliwa. Alitambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Waliijaribu kwa wanyama. Mwaka 1972, kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake wawili waliinywa kwanza wao wenyewe, wakiwa chini ya uangalizi hospitalini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Katika historia hiyo, kupima hakukuwadharau wazee. Kulihifadhi kile walichokijua na kukifikisha kwa mamilioni ya watu. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani halishauri chai ya artemisia itumike kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha dawa kilichomo hubadilika-badilika na mara nyingi hakitoshi. Mmea ni uleule, lakini kipimo kikikosekana mgonjwa hudhani ametibiwa huku vimelea vingali hai mwilini.

Mwarobaini nao unapendwa kiasi kwamba jina lake lenyewe linahesabu magonjwa arobaini. Lakini watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu zake wamewahi kupata degedege, na wengine wakafa. Kitunguu saumu ni chakula chema. Kikitumiwa kwa wingi na mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, kinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Kitu kuwa cha asili si uthibitisho kwamba hakina madhara. Matango ya Gilgali pia yalikuwa ya asili.

Wengine watasema, “Lakini mimi nilipona!” Ushuhuda huo usidharauliwe, utafiti mwingi ulianza hapo. Lakini homa nyingi huisha zenyewe, na wengi hunywa mitishamba pamoja na dawa za hospitali. Zaidi ya hayo, waliokufa hawasimami kanisani kutoa ushuhuda. Mithali 18:17 inafundisha kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumchunguza. Utafiti wa kweli ndio uchunguzi huo: huwahesabu waliopona na wasiopona pia.

Kwa hiyo mwenye kisukari au shinikizo la damu asishauriwe kamwe kuacha dawa zake kwa sababu ya chupa isiyojulikana kilichomo. Naye mhudumu wa afya asimkemee mgonjwa anayetumia mitishamba, maana anayekemewa leo ataficha kesho, na kilichofichwa hakiwezi kupimwa.

Elisha alitupa unga sufuriani, na Mungu akaokoa maisha. Muujiza ule ulikuwa rehema, si ruhusa ya kuchuma tusichokijua. Yesu mwenyewe alikataa kujitupa kutoka kwenye kinara cha hekalu ili aokolewe na malaika (Mathayo 4:5–7). Imani humwomba Mungu aponye. Upendo huuliza kwanza kilichomo ndani ya kikombe kabla ya kumpa jirani.

Maswali ya Kujadili

1. Soma 1 Wathesalonike 5:21. Agizo la kujaribu mambo yote linahusuje ushauri wa afya unaotolewa kati ya waumini?

2. Ndugu mmoja ameacha dawa za hospitali akisema kwamba kuendelea kuzimeza ni kumtilia Mungu shaka. Ungemjibuje bila kuivunja imani yake?

3. Ni mara ngapi umempa mtu dawa ambayo wewe mwenyewe hukujua kiasi chake wala madhara yake? Ungefanya nini tofauti sasa?