Neno la Herufi Mbili

Mwanangu, weka simu kando kidogo, chai isipoe. Juzi nilikusikia ukijisifu kwamba umekariri maneno magumu hamsini ya Kiingereza kwa ajili ya usaili. Nikacheka kimoyomoyo. Neno gumu halijawahi kuniangusha, maana nikikutana nalo nafungua kamusi. Lililoniangusha lina herufi mbili.

Nilikuwa karani kijana katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Tajiri akaniagiza nimwandikie mteja kwamba mzigo wake utakuwa ghalani mpaka Ijumaa. Nikaandika "by Friday", nikajiona fundi. Kumbe ilitakiwa "until Friday". Sisi "mpaka" inatutosha: nitakungoja mpaka Ijumaa, uwe umelipa mpaka Ijumaa. Mwingereza kagawa. "Until" ni ya jambo linaloendelea, kisha siku hiyo likakoma. "By" ni ya jambo linalotakiwa liwe limeshatimia kabla siku hiyo haijapita. Basi mteja akasoma kwamba ikifika Ijumaa mzigo utakuwa umewasili. Haraka ya nini? Akaja Jumatatu. Mzigo ulishahamishiwa ghala jingine, na gharama zinahesabiwa kwa siku. Nilikatwa mshahara miezi miwili. Tajiri akaibandika barua yangu ukutani, karibu na birika la chai, kila mtu aione.

Ungedhani nilikoma. Wapi! Siku nyingine mkubwa mmoja akanipigia simu: "You haven't posted the letter?" Nikajibu "Yes", kwa adabu zote. Kwetu ukiulizwa "Hujatuma barua?" nawe hujatuma, unaitika "Ndiyo, sijatuma". Unamkubali aliyekuuliza. Kiingereza hakijali muulizaji kasemaje, kinatazama kitendo: hujatuma, basi ni "no". Yule bwana akakata simu akijua barua iko njiani, nayo iko mezani kwangu.

Kosa langu lilikuwa haraka. Nilikuwa na daftari lenye safu mbili, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, kila neno na maana yake moja. Nani kakuambia neno lina maana moja? Chukua "run". Mtu hukimbia, pua hutiririka, duka huendeshwa, mgombea hugombea, na yote hayo ni "run". Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alitumia miezi 9 kulipanga neno hilo moja, akapata maana 645 za kitenzi peke yake. Mwenye lugha yake huyo, miezi tisa! Wewe unataka ulimalize ndani ya daladala.

Wala usiwaone Waingereza wana vituko. Mfikirie mgeni anayejifunza "piga" yetu: tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga simu, na hakuna aliyeumia.

Baadaye nililitupa daftari lile, nikaanza jingine. Humo sikuandika neno likiwa peke yake. Niliandika sentensi nzima niliyoisikia kwa mtu, na nani kamwambia nani, na kwa nini. "By" peke yake ilinilia kurasa nne. Ilichukua mwaka na zaidi, na bado huteleza nikichoka.

Kesho ukija kula, niletee sentensi tatu zenye "by" ulizozisikia kwa masikio yako. Za kwenye kamusi sitaki. Nami nitakuwa na zangu tatu.