Kumcheka Zimwi, Kumcheka Bibi



Je, ni halali kucheka kitu kinachotisha? Na tukicheka, tunamcheka nani hasa? Nauliza kwa sababu ya igizo nililoliona hapa Haneti, lililoandaliwa na kikundi cha vijana, na mjadala wake haujaisha mpaka leo.

Igizo lenyewe ni ile hadithi ya zimwi na ngoma ambayo wengi wenu mmesimuliwa. Kwa watu wa pwani, binti anasahau kombe lake ufukweni, anarudi peke yake kulichukua, zimwi anamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Anazunguka naye kijiji hadi kijiji. Ngoma inaimba kwa sauti ya binti, watu wanashangaa, zimwi anapewa chakula, binti anabaki na njaa. Mpaka siku wanapofika kwao na sauti ikatambulika. Ukiwa na miaka sita, na kibatari kinakaribia kuzimika, hadithi hiyo haichekeshi hata kidogo.

Vijana wetu wameigeuza kichekesho cha nyimbo. Haneti hakuna bahari, kwa hiyo kombe limekuwa shanga zilizosahaulika kisimani. Ngoma ni muheme, ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, basi zimwi akiishika tu akina mama wanaguna. Na kweli hajui kupiga. Binti anakatiza wimbo humo ndani na kumfokea: "Taratibu baba, masikio yangu!" Zimwi anaomba samahani. Akipewa ugali na mlenda, mlenda unamponyoka kwenye yale makucha yake marefu. Yaani mbavu sina! Watoto waliokuwa wamejificha nyuma ya khanga za mama zao wakatoka mmoja mmoja, wakasogea mbele.

Wapo wanaosema mambo kama hayo hayafai karibu na kanisa. Sikubaliani nao. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na mapumziko yake ni mchezo na utani; mtu asiyetaka kabisa kufurahi wala kufurahisha wenzake, Tomaso anamhesabia kasoro. Tena mtoto akishaweza kumcheka zimwi, zimwi amepoteza kitu. Wazungu nao wanalijua hilo. Mmarekani Mel Brooks aliichukua Frankenstein, hadithi ya kutisha ya Mary Shelley iliyochapishwa 1818, akaifanya filamu ya vichekesho mwaka 1974, na mwaka 2007 ikapanda jukwaani Broadway ikiwa na nyimbo. Lile jitu lililoundwa kwa viungo vya maiti linavaa suti na kofia ndefu, linacheza dansi. Ni ndugu yake zimwi wetu kabisa.

Tatizo likaja sehemu ya pili. Zimwi alitoka nyuma ya pazia akiwa bibi kizee: kitenge kilichochakaa, mgongo umepinda, macho yamezungushiwa rangi nyekundu. Mtangazaji akauliza, "Huyu mnamjua?" Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Na kwenye benchi la mbele walikaa bibi zetu wa kweli, wenye macho mekundu ya kweli.

Katika nchi hii tunajua macho hayo yamewahi kumaanisha nini. Kule Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na wekundu wa macho ukachukuliwa kuwa ushahidi. Macho ya mtu aliyepuliza moto wa kuni miaka hamsini ili watoto wale!

Aristotle anasema kinachochekesha ni kasoro isiyoumiza wala kuangamiza, na mfano wake ni kinyago anachovaa mwigizaji: kibaya, kimepinda, lakini hakina maumivu. Hapo ndipo ninaposimama mimi. Makucha ya zimwi hayana mwenyewe. Macho mekundu yanaye mwenyewe, na baada ya igizo anarudi nyumbani peke yake gizani, akipita kwa majirani waliokuwa wanacheka. Tomaso huyohuyo aliyetetea utani anaiweka dhihaka kwenye orodha ya dhambi, na baada ya dhihaka dhidi ya Mungu, anayoitaja kuwa nzito zaidi ni ile dhidi ya wazazi.

Kijana mmoja akaniambia, "Frateri, mbona bibi wenyewe walicheka?" Ni kweli, walicheka, mmoja mpaka khanga ikamdondoka. Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, nami nimeitafakari sana. Lakini jiulize, bibi angefanya nini kingine? Kijiji kizima kinacheka mchawi mwenye macho mekundu, halafu wewe mwenye macho mekundu umenuna. Kesho watasema nini? Kicheko cha mtu asiyeweza kukataa kucheka siwezi kukihesabu kuwa ruhusa.

Katika kitabu cha Mary Shelley, jitu halikuanza na ubaya. Kila anayeuona uso wake anakimbia au anapiga. Mzee mmoja kipofu tu ndiye anayelipokea kwa upole, mpaka wenye macho wanapoingia ndani. Brooks naye anaye kipofu wake, na amemfanya kichekesho: anamkaribisha mgeni kwa furaha kubwa, halafu anammwagia supu ya moto mapajani. Tunacheka sana, lakini uso wa yule jitu haumo kabisa katika utani huo, kwa sababu mwenyeji hauoni. Tunachekeshwa na ukarimu uliokosea bakuli.

Vijana wanataka kulipeleka igizo kigango jirani, na wanataka sehemu ya bibi ibaki, maana ndiyo iliyovunja watu mbavu. Nimependekeza bibi awepo, ila awe ndiye anayeitambua sauti ya mjukuu wake ndani ya ngoma, na ndiye anayemnyang'anya zimwi muheme na kumfundisha kupiga. Hawajakubali bado. Anayeigiza zimwi anasema bibi akiwa shujaa hakuna atakayecheka. Jumamosi tunajaribu mazoezini.