Watoto Umemwachia Nani?

Mama mmoja wa Morogoro ametuletea swali ambalo, twadhani, si lake peke yake. Yeye na mumewe watatimiza miaka 15 ya ndoa. Mume ameweka akiba kidogo, naye ataka waende Bagamoyo, wasali mahali palipoanzishwa misioni mwaka 1868, kisha wakae siku mbili karibu na bahari, wao wawili tu. Watoto wanne watabaki kwa bibi yao. Majirani wamepata habari, nao wanasema: "Mama gani huyu, anaacha watoto aende kustarehe?" Sasa atuuliza kama ni haki aende.

Tusiwadharau majirani kabla ya kuwasikiliza. Watoto ni amana ya Mungu, na hakuna siku ambayo mzazi huacha kuwa mzazi. Tena fedha ya nauli na chumba ingeweza kununua madaftari na viatu. Hoja hizi si za kipuuzi.

Lakini yatupasa kupima kwa mizani iliyo sawa. Katika mitaa yetu mingi baba hutoka kila jioni, akakaa na wenzake hata watoto wamelala. Nani amewahi kumwuliza, "Watoto umemwachia nani?" Hakuna, maana jibu lajulikana: amemwachia mkewe. Basi neno linalowaudhi watu hasa ni mama kupumzika. Naye mama huyu atuambia kwamba katika miaka 15 amelala nje ya nyumba yake kwa sababu tatu tu: kujifungua, kuuguza na kuzika.

Tuangalie pia asili ya jambo lenyewe. Siku ya ndoa, mbele ya altare, walisimama watu wawili. Watoto walikuja baadaye, tunda la ahadi ile. Nao, Mungu akipenda, watakua na kwenda zao. Watakaobaki mezani ni wale wale wawili. Je, wamesemezana nini miaka yote? Ada, unga, umeme, homa ya mtoto. Hayo ni ya lazima, lakini waliozungumza hayo tu hushtuka uzeeni wakijiona wanaishi na mgeni. Sisi hatuna mke wala mtoto. Lakini tumeketi na wengi waliotaka kuachana, na mara nyingi hatukukuta ugomvi mkubwa. Waliacha tu kuzungumza, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Na mtoto hukaa ndani ya mapendo ya wazazi wake kama ndani ya nyumba: paa likivuja, yeye huloa wa kwanza.

Padre Gabriel Calvo wa Hispania alilitambua jambo hili. Mwaka 1962, mjini Barcelona, aliwakusanya waume na wake zao, jozi 28, mwishoni mwa juma, wapate kusemezana wao kwa wao. Wengi wao walikuwa maskini. Mikutano ya namna hiyo ikaenea katika nchi nyingi.

Hata hivyo ruhusa hii ina mipaka. Asiende mwenye mtoto mgonjwa, wala mwenye deni la ada. Watoto wasiachwe mikononi mwa msichana wa kazi ambaye mwenyewe ni mtoto. Bibi aombwe, asiamriwe. Aachiwe posho ya kutosha, na siku nyingine wao wamshikie kazi zake apumzike. Nao wakifika huko, kila mmoja asije akainamia simu yake.

Wasio na nauli wasijione wamenyimwa. Jioni moja watoto wakiwa kwa shangazi yao, mkeka uani na chai ya tangawizi vyatosha. Bagamoyo ni mbali. Mwenzako yu karibu.

Kwa mama wa Morogoro, jibu letu ni hili: nenda, mama. Waelezeni watoto mnakokwenda na sababu yake. Watajifunza neno ambalo sisi hatuwezi kuwafundisha katika katekisimu, kwamba baba yao angali anapenda kukaa na mama yao. Na majirani wakiuliza tena watoto mmemwachia nani, mwache mumeo ajibu. Miaka 15 hii hajaulizwa hata mara moja.