Divai ya Mwaka Mgumu



Wengi wetu twaijua divai kwa kikombe cha Meza ya Bwana tu, na wako wasioigusa mahali pengine popote. Hatuandiki haya ili kumshawishi mtu anywe. Twataka kuchunguza swali moja la haki, nalo ni hili: mtu anunuaye divai nzuri nyekundu ya mwaka ambao watu wote wameulaumu, akaiweka akiba nyumbani mwake, je, afanya upumbavu au afanya haki?

Kwanza tueleze desturi yenyewe. Huko Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, zabibu huvunwa mara moja tu kwa mwaka, kwa kawaida Septemba na Oktoba. Wakulima wetu wa Dodoma huweza kupata mavuno mawili kwa mwaka. Yule wa Bordeaux, msimu ukimharibikia, hana budi kungoja mwaka mzima. Ndiyo maana chupa huandikwa mwaka wa mavuno. Divai iliyo bora hukaa kwanza katika mapipa ya mwaloni ya lita 225, kisha hutiwa chupani. Wapenzi wake huzilaza chupa mahali penye giza na ubaridi, ili kizibo kisikauke, wakangoja miaka kumi, ishirini, hata zaidi, mpaka ule ukakasi wa ujana ulainike.

Lakini miaka hailingani. Kuna mwaka ambao jua na mvua huja kwa kipimo, hata mkulima mvivu akapata sifa. Tena kuna mwaka mgumu. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Aprili 1991, jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi, iliyaunguza machipukizi ya mizabibu ya Bordeaux. Mengine yalichipua baadaye, lakini yalichelewa, hata mzabibu mmoja ukawa na vichala vya umri mbalimbali. Kisha mvua ikanyesha wakati wa kuvuna. Mwaka 2013 majira ya kuchipua yalikuwa ya baridi na mvua nyingi. Maua mengi yalipukutika kabla ya kushika matunda, hasa ya aina ya Merlot ambayo huchanua mapema. Mwezi wa Agosti mvua ya mawe ilipiga baadhi ya mashamba, na mavuno yalipokaribia, uozo ukaingia. Mavuno ya Bordeaux mwaka ule yalikuwa madogo kuliko yote tangu 1991.

Jina baya la mwaka huenea upesi. Divai zilizo bora huuzwa zingali katika mapipa, miezi michache baada ya mavuno, na waonjaji huzipa alama kama walimu wasahihishavyo mitihani. Mwaka ukishapata alama mbaya, wanunuzi wengi hawasomi tena jina la shamba. Husoma zile tarakimu nne, wakairudisha chupa mahali pake.

Hapo ndipo swali letu lianzapo. Hali ya hewa si ya mtu, lakini kazi ni ya watu. Katika mwaka mgumu wafanya kazi hupita katikati ya mizabibu tena na tena, wakichuma majani ili upepo na jua vifike penye vichala. Zabibu zikifika nyumbani, huinama mezani kuzichambua, wakizitupa zilizooza na zisizoiva. Ni kazi mara mbili kwa mavuno haba. Wahenga wetu walisema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Je, haki basi ni kusema kwamba kila divai ya mwaka mgumu ni njema? Hasha! Huo nao ni uongo. Mwaka ule wa 1991 shamba mashuhuri la Petrus, huko Pomerol, halikutoa divai yo yote kwa jina lake. Shamba la Latour, huko Pauillac, liko karibu na maji mapana ya Gironde, ambayo hupunguza ukali wa jalidi. Latour walitoa divai yao, ingawa kidogo, nayo ilihesabiwa miongoni mwa zilizo bora za mwaka ule. Msimu ulikuwa mmoja, hukumu zikawa mbili, wala hakuna aliyekosa kati yao. Kila mmoja alisema kweli juu ya kile alichokuwa nacho. Aliyekosa ni yule aliyezihukumu zote kwa tarakimu bila kuonja.

Tena tuwe wakweli juu ya nia. Wako wanunuao divai ya mwaka mgumu kwa kuwa bei imeshuka, na wako wanunuao ili wasipoteze nafasi yao kwa muuzaji mwaka mwema utakapokuja. Hatuwalaumu, lakini tusiyaite hayo haki. Mwenye haki huonja kwanza, akanunua kwa kuwa ameona kazi njema. Kisha huitunza kadiri ya nguvu zake. Divai ya mwaka mgumu mara nyingi ni nyepesi, nayo hufaa kunywewa mapema. Kuifungia miaka thelathini na kuidai iwe kama ile ya 1961, mwaka uliosifiwa sana, ni kuionea.

Wengine watasema ni heri fedha hizo wangepewa maskini. Neno hilo ni zito, na kila mwenye ghala hana budi kulijibu, hasa yule alimbikizaye chupa asizokusudia kumfungulia mtu. Lakini hata baada ya kulijibu, swali la kuhukumu labaki, maana sisi tusio na ghala twahukumu kila siku.

Sisi tuliokaa darasani miaka mingi twajua kwamba madarasa nayo hupewa majina. Watoto waliosoma mwaka wa njaa, au mwaka ambao shule haikuwa na mwalimu wa hesabu, huitwa “wa mwaka ule” hata wakiwa watu wazima. Cheti chao chaonyesha alama, jalidi hakiionyeshi. Tusiwaongezee alama wasizopata, maana hilo halitawasaidia kazini. Lakini tusiwafungie mlango kabla ya kuona wawezalo.

Husemwa kwamba chema chajiuza. Kwa mwaka mwema ni kweli. Chema cha mwaka mgumu hukaa rafuni mpaka atokee mtu wa kukionja. Basi mwenye kuajiri fundi, mwenye kutafuta mwalimu, na sisi sote tutakaokaa kuchagua wazee wa kanisa, tumwite mtu, tumpe kazi, tuione kazi yake, ndipo tuseme.